Notisi za Chini ya Mlango

Mume wangu anaitwa Gundi, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, enzi zile akibandika mabango ya mechi za mpira kwenye kuta. Mabango yake yalikuwa hayabanduki. Mvua ilinyesha, jua likawaka, timu zikashuka daraja, wachezaji wakastaafu na kuota vitambi, na bango la Gundi likabaki palepale linatangaza mechi ya Jumamosi. Mtu mmoja aliyeyaona akavutiwa alikuwa dalali wa mahakama, yule anayetumwa kupeleka notisi kwa watu walioshindwa kulipa mikopo, na mambo yakifika mwisho, kuuza nyumba zao kwa mnada. Alimtafuta mume wangu, akamwambia, "Nataka mtu ambaye akibandika kitu, kimebandikwa." Kazi akapata hapohapo, bila kuulizwa cheti wala nini.

Mimi nauza mapazia sokoni. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba mdomo wangu unafanya kazi kutwa nzima, na nikirudi nyumbani bado una nguvu. Gundi maneno yake ya kuokoteza. Tukikaa pamoja mimi naongea kwa niaba ya wawili, yeye anatabasamu kwa niaba ya wawili, na ndoa inakwenda.

Kazi yenyewe alinieleza mwanzoni kabisa, akiwa na fahari nayo. Mtu aliyeweka nyumba yake dhamana akishindwa kulipa, haamki tu asubuhi akakuta vyombo vyake barabarani. Lazima aambiwe kwanza. Aambiwe anadaiwa nini, apewe muda wa kulipa, au wa kwenda benki kuomba mpango mwingine, au hata wa kuuza yeye mwenyewe kwa bei ya maana kuliko ile ya mnadani. Na muda huo hauanzi kuhesabiwa mpaka apate notisi. Ndiyo maana sheria ni kali kuhusu namna ya kuifikisha: umpe mwenye nyumba mkononi, atie saini. Usipomkuta, uibandike mlangoni mahali panapoonekana, mbele ya shahidi. Kisha urudi ofisini ule kiapo kwa maandishi kwamba umefanya hivyo.

Watu wanadhani mwenye kazi ile hupigwa mawe. Gundi alikuwa anakaribishwa maji. Anabisha hodi, anavua kofia, anaulizia afya ya watoto, anasifu maua kama yapo, ndipo anatoa bahasha. Bwana mmoja alipomwona anakuja alipanda darini, akapiga kelele kutoka hukohuko juu, "Mwenye nyumba amesafiri!"

"Atarudi lini?" Gundi akauliza.

"Ukiondoka!"

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Yule bwana naye akaanza kucheka darini, akashuka na utando wa buibui kichwani, akatia saini. Bibi mmoja alipokea notisi, akaiweka kwenye kabati, akasema, "Haya, maadamu umekuja, nishikie ngazi." Wakabadilisha taa pamoja. Gundi alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amechangamka kama aliyetoka harusini, na mimi nikamwambia kwamba duniani hakuna mtu mwingine anayepeleka habari mbaya na kurudi na zawadi ya limau.

Gundi ya kubandikia nilikuwa naipika mimi. Unga wa ngano, maji, chumvi kidogo isichache haraka, kwenye sufuria iliyokwisha kukatika masikio yote mawili. Naimimina kwenye kopo, anaondoka nayo na brashi yake. Baada ya muda nikaanza kuona kopo linarudi limejaa. Wiki ya kwanza nikanyamaza, ingawa kunyamaza kwangu ni kazi. Wiki iliyofuata likarudi limejaa tena, na sasa linanuka.

"Wewe," nikamwambia, "unga naokota?"

"Siku hizi nawakuta wote nyumbani."

"Mji mzima? Hakuna anayekwenda kazini, hakuna anayekwenda msibani, wote wamekaa wanakungoja wewe?"

Akatabasamu. Tabasamu halikunitosha. Nikambana mpaka akasema.

Ilikuwa hivi. Miezi ya mwanzo alibandika notisi kwenye mlango wa familia fulani, akaibandika kwa ufundi wake wote. Baada ya siku chache akapita njia ileile. Akakuta watoto wa shule wamejipanga mbele ya mlango wanaisoma kwa sauti, kwa zamu, kama darasani, na akikosea mmoja wenzake wanamsahihisha. Mama wa nyumba ile alikuwa amening'iniza shuka kuificha, lakini upepo kila ukivuma unaifunua. Alipomwona Gundi hakumtukana. Alimwomba aitoe. Gundi akajaribu kwa kucha zake mwenyewe, mbele ya wale watoto, na haikutoka. Nakumbuka siku aliyorudi na kucha zimevunjika. Aliniambia amejibana na mlango.

Tangu hapo, asipomkuta mwenye nyumba, alikuwa anasukuma bahasha chini ya mlango na kwenda zake. Ofisini anaandika "nimebandika." Shahidi wake alikuwa muuza duka wa kona, mtu ambaye angetia saini hata kwenye cheti cha kifo chake mwenyewe ilimradi asiache kuhesabu chupa. "Wataikuta wakirudi," Gundi aliniambia. "Wataisoma wenyewe, ndani kwao, wamefunga mlango. Kuna ubaya gani?"

Nilimwita mjinga. Kisha nikaingia jikoni nikacheka peke yangu kwa furaha, maana nimeolewa na mtu mwema, na ni wangapi sokoni pale wanaoweza kusema hivyo bila kutia chumvi?

Sasa sikilizeni ya Mkunga.

Mtaani kwetu kuna mama aliyekuwa mkunga tangu sijavunja ungo. Alistaafu, lakini sauti haikustaafu. Watoto wangu wote aliwapokea yeye, huku akinigombeza kwamba nasukuma kama napuliza mshumaa. Ana nyumba nzuri ya kizamani, yenye uwanja mrefu nyuma unaoota majani tu. Nyumba hiyo aliiweka dhamana benki ili kijana wake afungue duka la vipuri. Duka likafa, kijana akaenda mbali kuhangaika, mkopo ukabaki na mama. Alijikaza akalipa, akalipa, kisha akaanza kuruka miezi.

Hatukujua. Hilo ndilo jambo, mtaa mzima haukujua.

Gundi alipokabidhiwa bahasha yenye jina la Mkunga, alikuja nayo nyumbani kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaigeuza geuza mezani. "Huyu mama aliwashika wanangu kabla yangu," akasema. Akaenda mchana. Akakuta nyumba imefungwa, kwa kuwa Mkunga alikuwa amekwenda kwa binti yake aliyekuwa karibu kujifungua. Upande wa pili wa njia alikuwepo jirani yake, yule mwenye gari, anayeliosha kila siku na kuliegesha juani kwa sababu kwake hapana nafasi. Watu wanapita. Gundi akasimama na kopo lake mbele ya mlango ule, akaona hawezi. Akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akaisukuma bahasha ndani.

Nyumba ya Mkunga ina zulia la plastiki, sebule nzima mpaka mlangoni. Bahasha haikupita juu ya zulia. Ilipita chini.

Mkunga alirudi baadaye sana, na picha za mjukuu za kuonyesha kila mtu. Akaishi nyumbani kwake kwa raha zake, akitoka na kuingia juu ya ile bahasha, mpaka asubuhi walipokuja vijana wawili na futi ya kupimia, wakaanza kupima madirisha.

"Mnapima nini, wanangu?"

"Nyumba, mama. Inakwenda mnadani."

Akadhani wamekosea nyumba. Wakamsomea jina lake. Wakamwambia notisi ilibandikwa mlangoni, shahidi alikuwepo, muda umekwisha.

Alikuja kwetu moja kwa moja, hata viatu havikufanana. Gundi alikuwa anakunywa chai. Akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, wewe ndiye unayepeleka yale makaratasi. Wanasema mliniletea. Uliniletea?"

Nilimtazama mume wangu na nikajua kila kitu kabla hajafungua mdomo. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nilileta, mama."

"Ukaibandika mlangoni?"

Gundi akainamia kikombe chake cha chai.

"Mimi nakuuliza wewe, siulizi kikombe. Uliibandika?"

"Niliiingiza chini ya mlango."

Tukaenda wote watatu. Gundi akapiga magoti, akafunua zulia, na bahasha ikawa hapo, imebonyea kwa alama za visigino, haijafunguliwa. Mkunga akaichukua, akaisoma mpaka mwisho akiwa amesimama. Muda wote uliotajwa mle ndani, wa kulipa, wa kuomba, wa kuuza mwenyewe, ulikuwa umempita akiwa anaonyesha watu picha za mtoto.

"Kwa nini hukubandika?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya chini. Mkunga wa sauti ya chini anatisha kuliko wa kelele.

"Nilitaka kukufichia aibu, mama."

"Aibu!" Sasa sauti ikarudi mahali pake. "Mimi nimewaona watu wazima wa mtaa huu uchi wa mnyama, wanamwita mama yao na kuniuma mkono! Mkeo hapa alinitukana mpaka ukoo! Wewe mwenyewe ulizimia mlangoni mwa wodi nikakumwagia maji! Unanifichia mimi aibu gani?"

Gundi akaanza kulirudisha zulia mahali pake. Mimi nilikuwa na jibu langu, kuhusu yale matusi, lakini nikaona si wakati wake.

Mkunga alikwenda kwa wakili wa msaada wa bure, msichana mwenye miwani mikubwa na viti viwili tu ofisini. Wakili akamweleza kwa lugha ya kueleweka. Mnada unaweza kusimamishwa kama notisi haikufikishwa inavyotakiwa. Lakini bahasha peke yake haitoshi, kwa sababu watasema kaiweka mwenyewe chini ya zulia. Dalali anacho kiapo cha maandishi, na kina saini ya shahidi. Kinachoweza kukivunja kiapo kile ni yule aliyekila, asimame mbele ya hakimu aseme aliandika uongo.

Basi. Nyumba ya Mkunga ilikuwa mdomoni mwa mume wangu, na kazi yake ilikuwa mdomoni humohumo. Akisema, anamwaga unga siku hiyohiyo, na pengine anashtakiwa juu. Asiposema, mama yule anatolewa nje na makochi yake.

Nilitaka aseme ukweli na nilitaka abaki na kazi. Vyote viwili. Nilikuwa naogopa, sitaki kuwaficha. Mapazia ni biashara ya msimu, watu wanakumbuka madirisha yao wakitegemea wageni tu, na watoto shuleni hawangoji msimu. Nilifua nguo ambazo zilikuwa safi. Gundi yeye alikaa tu akishika tama, halafu akawa analisugua lile kopo la gundi mpaka likang'aa.

Dalali alikuja sokoni kunitafuta. Si mtu mbaya yule, nisimsingizie. Ni mcheshi, mkarimu kwenye misiba. Akashika pazia la maua ya zambarau, akauliza bei, nikataja, akatoa pochi. Hapo nikajua kuna jambo. Mteja asiyeomba kupunguziwa hajaja kununua.

"Shemeji," akasema, "mwambie mwenzio asijitie matatani. Aseme alibandika. Upepo ukabandua. Kwisha."

"Upepo?"

"Upepo, shemeji. Upepo haushtakiwi."

"Bosi, ulimwajiri kwa sababu mabango yake hayabanduki. Ukutani pale nyuma yako kuna mechi ya kabla sijaolewa. Mwambie hakimu upepo, mji mzima utavunjika mbavu."

Akageuka akaliangalia bango. Akacheka, maskini, hakuweza kujizuia. Kisha akasema bila kucheka kwamba Gundi akisema mengine, yeye hataweza kumbakisha kazini, nielewe. Nikamwambia nimeelewa. Pazia akalichukua, na chenji nikampa yote.

Jioni nilimsimulia Gundi. Nilipofika kwenye upepo alitabasamu, mara ya kwanza tangu zulia lifunuliwe. "Wewe unasemaje?" akaniuliza.

"Mimi? Mimi nasema mengi, wewe unanijua. Lakini kesho atakayesimama pale ni wewe."

"Nikikosa kazi?"

"Utabeba mapazia. Una mikono mirefu, nimekuwa nikivumilia stuli miaka yote."

Usiku ule usingizi ulimchukua kabla yangu.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na feni yake ilizunguka kwa manung'uniko. Mkunga alivaa gauni lake la kustaafia. Wakili wa upande wa pili alisoma kile kiapo, akakiweka mezani kwa mapozi. Gundi akaitwa. Alivua kofia, akatafuta pa kuiweka, akakosa, akaishika.

"Ulibandika notisi hii mlangoni?" hakimu akauliza.

"Hapana, mheshimiwa."

"Hapa umeandika umebandika."

"Niliandika uongo, mheshimiwa. Niliisukuma chini ya mlango. Na shahidi hakuwepo, yuko dukani kwake, huwa anasaini tu."

Hakimu, mama wa makamo, akavua miwani. "Ulilipwa na mwenye nyumba usibandike?"

"Hapana. Niliona aibu."

"Aibu ya nani?"

Gundi akafikiri. Mume wangu akiulizwa swali hulifikiria kweli, ndiyo maana kuishi naye kunachosha. "Nilidhani yake," akasema. "Naona ilikuwa yangu."

Hakimu alimpa vidonge vyake. Alimwambia kwamba notisi si barua ya mapenzi ya kufichwa, kwamba mtu ana haki ya kujua kabla hajanyang'anywa paa lake, na kwamba yeye kwa huruma yake alikaribia kumnyang'anya mama huyu haki hiyo zaidi hata ya mwenye roho mbaya. Alimpiga faini na kumwonya kwamba akirudia atakwenda ndani. Kisha akasimamisha mnada. Kila kitu kianze upya, notisi mpya, muda mpya, na mama apewe mkononi.

Kwenye ukumbi wa nje Dalali alikuja. "Gundi, unajua."

"Najua, bosi."

Wakapeana mikono. Nilitaka kulia na nikalia, kidogo, nyuma ya nguzo. Mkunga akanikuta. "Acha kupuliza mshumaa," akaniambia, akanifuta uso kwa kiganja chake kikavu.

Notisi mpya ililetwa na mtu mwingine, mgeni kwenye kazi. Mkunga akaipokea, akasaini, akamwambia, "Sasa bandika nakala hapo mlangoni."

"Mama, ukishasaini hakuna haja."

"Sikukuuliza haja. Bandika."

Hakuwa na gundi ya maana, wa siku hizi wanatembea na kitepe cha kunata. Mkunga akaja kwangu na bakuli. Nikapika. Akabandika mwenyewe, katikati ya mlango, saa ya watu kutoka makazini, kisha akatoa kiti akakaa pembeni yake kama anayeuza.

Na watu wakasoma. Wengine walipita haraka, wakarudi polepole. Watoto walisoma kwa sauti, kwa zamu, na Mkunga ndiye aliyekuwa anawasahihisha. Jirani mwenye gari alivuka njia na sifongo mkononi, povu linadondoka, akasoma mpaka saini ya chini.

"Mama, mbona hukusema?"

"Ningesema, wewe ungefanya nini?"

Jirani akaminya sifongo, akamwaga povu lote juu ya viatu vyake. "Kile kipande cha nyuma, mama. Kinachoota majani. Miaka yote nakitaka niegeshe gari kivulini. Lakini nitamwanzaje mtu mzima, nimwambie aniuzie uwanja wake? Ningeonekana namwombea njaa."

Mkunga akamkazia macho. "Kwa hiyo wewe unaniangalia uwanja miaka yote na kusema shikamoo tu?"

"Ndiyo, mama."

Wakili wa viti viwili akaandika makubaliano. Benki ikakubali, kwa sababu mwenye nyumba aliye ndani ya muda wake ana haki ya kusikilizwa, na kwa kuwa kipande kile kilipata bei ambayo mnadani kisingeiota. Malimbikizo yakalipwa, kilichobaki kikapangwa upya kidogo kidogo. Gari likahamia kivulini. Mkunga yuko sebuleni kwake mpaka sasa, na zulia amelipunguza mlangoni kwa mkasi.

Siku walipotia saini, Jirani alisema neno moja akiwa anacheka, mbele yetu. "Ningejua tangu notisi ile ya kwanza, tungemaliza tangu ile ya kwanza." Wote tukacheka naye. Nilipogeuka, Gundi hakuwa anacheka.

Alianza kubeba mapazia. Mzuri kweli, wateja wanampenda, anatundika bomba la pazia bila stuli. Lakini alasiri akaanza kupotea. Anaaga kwamba anakwenda hapo tu, anarudi jua limezama, viatu vina vumbi la mitaa nisiyoijua. Nikasema haya, sasa kazi imekwisha, mwanamume amepata muda. Nikamweka kitako.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo unayemfuata."

Akakung'uta vumbi kwenye kiatu, na kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, utulivu wake ulinivunja nguvu. "Nazunguka kwenye zile nyumba," akasema. "Nilizosukuma chini ya mlango."

Alikuwa anazikumbuka zote. Anabisha hodi, anavua kofia, anaulizia watoto. Wengi walikuwepo bado. Walizikuta bahasha, walilipa, walihangaika, wakapona, na wengine hawakumkumbuka hata yeye ni nani. Kila aliporudi kutoka nyumba ya namna hiyo alikula vizuri. Sikuwa nimeoanisha.

Siku hiyo alikuwa ametoka kwenye nyumba ya fundi viatu, mmoja wa hao wa bahasha za chini ya mlango. Mlango ulifunguliwa na bwana asiyemjua, mkarimu, aliyemkaribisha maji. Akasema fundi viatu hamjui, nyumba waliinunua mnadani, tena kwa bei nzuri sana, Mungu aliwaona. Gundi akanywa maji yote. Akatoka, akaenda nyumba ya jirani, akauliza. Mama wa pale akamwambia hawakujua lolote mpaka asubuhi walipoona vyombo viko nje. Kaka yake fundi viatu anakaa mtaa wa tatu tu kutoka pale, na yeye hakujua. Kaka alifika mbio na hela mkononi, mama yule akasema, akakuta kufuli mpya.

"Wote walikuwa wanapita mbele ya mlango ule kila siku," Gundi akaniambia. "Kaka yake alikuwa anapita hapo akienda kazini."

Nilimwambia alifanya kwa nia njema. Akasema anajua. Nilimwuliza fundi viatu amehamia wapi. Akasema amewauliza wote, na hakuna anayejua.

Chai ilipoa. Sikuwa na mzaha wowote, na nilipoutafuta niliona vibaya hata kuutafuta. Kesho yake nilifunga kibanda, tukaenda kumwulizia wote wawili, duka kwa duka, mimi nikiongea na yeye akiwa ameshika kofia. Hatujampata bado.